Mshale Uliruka Karibu na Lwambo

Bel-Air, Lubumbashi
14 Aprili 2024

Yaya Donat,

Tulirudi njiani. Ninaliandika hili mbele ya salamu, juu najua macho yako itatafuta pale kwanza.

Mama hakufika. Tulitoka hapa mapema kwenda kumuchukua Mitwaba, Sephora ku usukani, mimi pembeni, na ile Corolla ya marehemu bwana yangu. Mpaka Likasi hakuna neno. Karibu na Lwambo, ile mushale yenye kuonyesha joto ya moteur ikaruka ku rouge, pale pa nyekundu. Sephora akasimamisha. Tukafungua capot: mvuke hakuna, mayi iko. Tukangoja, tukawasha, tukaenda kidogo, ikaruka tena. Sephora akaniambia: "Mama, tukiua moteur hapa, Kambo tutamubeba na nini?" Akageuza. Na mimi nilikubali.

Motokari iko sasa ku garage ya Rigobert, mu commune Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Ni fundi, kijana wa parokia yetu. Alikwisha kutoa calorstat, ile kizibo yenye kuzuia mayi mupaka moteur ipate joto, juu mafundi ya hapa wote banasema inchi ya jua haina kazi nayo. Mushale ikaendelea kuruka. Sasa anasema joint ya culasse, ile ya kufungia kichwa ya moteur, imekufa, anataka kufungua moteur yote. Nikamuambia angoje kwanza neno la Yaya yangu. Akacheka: "Mama Virginie, Yaya yako atasikia moteur toka Tanzania?" Nikamuambia: "Yaya yangu hata ukivunja mulango yake hasikie. Lakini moteur ataijua."

Mama iko muzima. Katibu wa parokia ya Mitwaba ananipigia simu. Anasema Mama amefunga bintu yake mu kitambaa, na tangu ile siku tulisema tunakuya anakaa ku mulango toka asubui. Bakimuambia motokari iliharibika, anajibu: "Basi ipone. Donat anakuya mwezi ya saba, na mimi nitakuwa kule." Yaya, juu ya camion ya mizigo hatawezi kupanda, na pikipiki hata usiseme. Ni ile motokari tu.

Barua zako ananisomea Sephora. Macho yangu inakataa maandishi, ndiyo maana naandika na marker, maneno makubwa kama ya mutoto wa kwanza primaire. Usinicheke.

Mudogo wako,
Virginie


Mbeya
3 Mei 2024

Mdogo wangu Virginie,

Jeannot amenifikishia barua yako jana. Lori lake lilikaa sana mpakani, Kasumbalesa. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama mtoto wa Mama, nikaona tu mlango ule na yeye amekaa na kifurushi chake. Mara ya pili niliisoma kama mwalimu wa fizikia. Mwalimu amepata la kusema, kwa hiyo mtoto wa Mama atasubiri zamu yake huku chini.

Mwambie Rigobert asifungue injini. Mwambie kwa heshima, maana fundi mwenye spana mkononi hapendi kuelekezwa na karatasi.

Umeandika neno moja ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine yote: mshale uliruka. Kama Sephora aliona sawasawa, na mwenye usukani huwa anaona sawasawa, basi haukupanda, uliruka. Maji hayaruki, Virginie. Weka sufuria motoni utazame: yatakuwa vuguvugu, yatakuwa moto, ndipo yachemke, na hakuna hatua yatakayoiruka. Ndani ya injini kuna maji mengi na chuma kizito. Vitu hivyo haviwezi kutoka joto la kawaida hadi kuchemka kwa kupepesa jicho. Tena injini iliyochemka kweli ingetoa mvuke, ingenuka, ingetapika maji yake barabarani. Yenu haikufanya lolote. Nafikiri injini yenu ni nzima. Kinachodanganya ni sonde.

Sonde ni kitu kidogo kama kidole gumba. Imefungwa kwenye injini mahali maji yanapopita, na waya mmoja unatoka hapo hadi kwenye mshale. Maji yakiwa baridi, inapitisha umeme kidogo. Yakiwa moto, inapitisha mwingi. Ikizeeka huweza kuvunjika ndani bila kuonekana nje. Hapo ikipata joto kidogo tu, inaachia umeme wote, na mshale unaamini kwamba maji yanachemka.

Rigobert afanye hivi. Kwanza achomoe ule waya: mshale lazima ulale upande wa baridi. Ukilala, waya ni mzima. Kisha aifungue sonde, aiunganishe tena kwa waya mrefu, na mwili wake aufunge kwa waya mwingine kwenye chuma cha injini. Ncha yake aitumbukize ndani ya sufuria ya maji juu ya mbabula ya makaa. Mtu mmoja akae ndani ya gari autazame mshale, mwingine atie mkono kwenye maji. Mshale ukifika kwenye nyekundu wakati mkono bado unavumilia, mmemkamata mwongo. Mnunue sonde nyingine, mrudishe na ile calorstat, kwa sababu injini inataka joto lake hata katika nchi ya jua, na mwende Mitwaba siku hiyo hiyo.

Sasa zamu ya mtoto wa Mama. Vita vilipofika Pweto nilivuka kwenda Zambia pamoja na umati wa watu, nikiwa na viatu visivyo vyangu, nikidhani nitarudi kabla ya mavuno. Kila mwaka umekuwa na sababu yake: njia, karatasi, kazi, kisha magoti, kisha masikio. Jeannot ameniahidi kiti cha mbele mwezi wa saba. Nitafika Lubumbashi. Barabara ya Mitwaba magoti haya hayaiwezi tena, ndiyo maana nawasumbua mmlete. Na kwa kuwa sitamsikia, nimekwisha kupanga: Mama atasema, Sephora ataandika, mimi nitasoma na kujibu kwa mdomo. Tutakuwa kama watu walio mahakamani, ila tutakuwa tunacheka.

Wewe unaandika "bintu" na "mushale". Mimi huku wamenizoesha "vitu" na "mshale", na wenyeji wananisifu kwa Kiswahili changu. Sifa hiyo hainifurahishi kama wanavyodhani.

Kaka yako,
Donat


Mbeya
26 Mei 2024

Virginie,

Hujanijibu. Naijua foleni ya Kasumbalesa, kwa hiyo silalamiki, naandika tu.

Sikuweza kukaa. Nimekwenda sokoni Mwanjelwa nikapata sonde inayofaa Corolla yenu, na kabla ya kumkabidhi Jeannot nimeijaribu mwenyewe katika sufuria yangu. Jirani yangu alikuja akaandika kwenye ubao ninaowawekea wageni, kwa sababu ya masikio: "Mwalimu, unapika nini?" Nikamjibu ni supu ya chuma. Ameniletea chumvi.

Sonde hii ni nzuri. Rigobert asiikaze kwa nguvu, itapasuka.

Sephora, sehemu inayofuata msomee Kambo yako. Kama mmekwisha kumleta, msomee hapo Bel-Air, aketi mahali pazuri. Kama bado, mwombe katibu wa parokia amwekee simu sikioni, wewe usome polepole.

Mama, ni Donat. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao Baba alipokufa, kwa hiyo ukiniona usishtuke ukadhani ni yeye. Mwezi wa saba nitakuja. Nitakuletea mchele wa Kyela. Ninajua hupendi mchele wa mjini, lakini huu unanukia hata kabla ya kupikwa. Kuna jambo nataka kukuuliza, nami siwezi kumuuliza mtu mwingine. Ulipata mtoto kabla yangu, ukamzika. Nikiwa mdogo nilikuwa nakusikia ukimtaja wakati wa kutwanga, ukidhani uko peke yako. Nilikuwa nimekaa nyuma ya ghala. Jina lake nimelisahau, Mama. Nalitafuta miaka hii yote na halirudi. Nikija, utaniambia, na Sephora ataliandika.

Usikae mlangoni asubuhi. Kuna baridi. Gari likifika utalisikia hata ukiwa ndani.

Donat


Bel-Air, Lubumbashi
9 Juni 2024

Kwa mutoto yangu Liévin, Tunduma,

Jeannot akupe hii barua mu mukono, si ku muke yako, si ku jirani.

Mama yetu Mapalo alikufa tarehe kumi na moja ya mwezi ya tano, kule Mitwaba. Ilikuwa kifua. Asubui za ule mwezi iko na baridi, na alikuwa anakaa ku mulango kungoja motokari. Bakimurudisha ndani, anatoka tena. Siku mbili za homa, ikaisha. Mimi na Sephora tulipanda juu ya camion ya mahindi na tulikuta kaburi imekwisha kufunikwa. Kifurushi yake bado ilikuwa imefungwa.

Nakuandikia wewe juu uko mujukuu wa ndugu yake, unaweza kuipokea. Mutoto wake wa tumbo, hapana. Unajua kwetu: kufa haiandikwe ku karatasi, haitumwe mu simu. Muntu wa damu ya mama anakwenda, anakaa mbele ya mufiwa, anamuambia na kinywa. Sasa Yaya hasikie. Nimegeuza hii neno mu kichwa mupaka nimechoka. Sikumujibu barua hata moja, juu kila neno nilitaka kuweka ilikuwa ya uongo. Wewe uko damu ya Mama, na ni wewe karibu yake. Uende Mbeya. Namna ya kumuambia utaikuta kulekule.

Iko neno ya pili, na hii ndiyo inaniua.

Barua yake ya kwanza ilifika nyuma ya kilio. Ilikuwa mu lori ku mupaka ile siku Mama alikufa. Sephora akanisomea. Alisoma muzuri mupaka pale Yaya aliandika ya kama maji hayaruki, injini yenu ni nzima. Akaacha kusoma na sauti. Nikafikiri amegeuza ukurasa. Kumbe alikuwa anasoma ile mustari peke yake, tena na tena. Kisha akasema: "Mama, tungefika." Nikamuambia: "Mujomba yako hakuona moteur, anabahatisha." Akasema: "Mujomba habahatishake."

Nikaenda kwa Rigobert bila kumuambia. Nikamupa ile maneno ya Yaya juu ya sufuria na waya. Alitengeneza kama barua ilisema; mwenyewe alikaa mu motokari, mimi nikatia mukono mu mayi. Mayi ilikuwa ya kuoga mutoto, Liévin. Ya kuoga mutoto muchanga. Na Rigobert akasema toka ndani: "Mama, iko ku rouge." Alirudia mara tatu, juu mimi ndiye nilimulomba arudie. Moteur iko muzima. Ilikuwa muzima karibu na Lwambo. Na tulipopita pale na camion, kwenda kuzika, njia mbele ilikuwa kavu, muzuri.

Nilimulomba Rigobert amuambie Sephora ya kama joint ilikuwa imekufa kweli. Alikubali, alimuambia na uso wa kanisa. Sephora akamujibu: "Fundi, unasema vile mama amekutuma." Hagusi tena ufunguo. Alikuwa anapeleka batoto ya jirani ku masomo na ile motokari, ameacha. Ukimuwekea bukari ku sahani anaikata vipande vipande anaiacha pale. Anasema neno moja tu: "Nilimuacha Kambo ku mulango." Mimi nilikuwa pembeni yake, nilisema na mimi geuza, lakini anasema mukono uliogeuza ni wake. Iko na miaka makumi tatu na moja. Ataibeba mupaka wapi?

Barua ya pili ya Yaya ilifika, na kile kipande cha kusomea Mama. Sephora alisoma yote kwa sauti, mupaka mwisho, na hakuna muntu wa kumusomea. Ile jina Yaya anatafuta, hakuna tena mwenye kuijua.

Sephora anangoja sasa barua ya tatu. Hanisadiki mimi, hasadiki fundi, hata padri. Atasadiki Mujomba Donat tu. Umuambie Yaya vile. Najua ninamulomba nini. Tangu tuko batoto sijasikia uongo mu kinywa chake. Alikubali kupigwa fimbo kuliko kusema si yeye alivunja taa. Umuambie namulomba mara moja.

Usiniandikie mu barua yenye Sephora atasoma. Jeannot anisomee yeye mwenyewe.

Shangazi yako,
Virginie


Tunduma
24 Juni 2024

Shangazi Virginie,

Jeannot atakusomea hii ndani ya lori lake, kisha aondoke nayo.

Nilikwenda Mbeya Jumamosi. Njiani nilikuwa nimejiandalia maneno, mazuri tu, ingawa nilijua hatayasikia. Baba Donat alinifungulia mlango akafurahi. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Mezani kulikuwa na mfuko wa mchele umefungwa kamba, tayari kwa safari. Akaanza kunitania, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia: "Liévin, umenenepa, Tunduma wanakulisha nini, matairi?" Akaenda kuleta kiti.

Aliporudi na kiti alinikuta nimekaa chini, sakafuni, miguu nimeinyoosha, kama tunavyokaa kwenye kilio.

Alisimama na kiti mkononi. Hakuuliza nani. Alikiweka kile kiti taratibu, akajishika kwenye meza, akashuka mpaka chini mbele yangu. Magoti yalimchukua muda na alinikataza kumsaidia. Tukakaa. Baadaye akanyoosha mkono akaitoa kalenda ukutani, akaanza kupitisha kidole juu ya tarehe, kurudi nyuma, huku ananitazama usoni. Mwezi wa sita ukaisha. Akaingia wa tano. Kidole kilipofika tarehe kumi na moja nilimshika mkono. Akasema, "Barua yangu ilikuwa Kasumbalesa." Majirani walisikia, wakaja.

Jambo la pili nilimwandikia kwenye ule ubao wake, jioni, majirani walipokuwa wametoka nje. Nilimwandikia majaribio ya sufuria, maji ya kuoga mtoto, yote. Alisoma, akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyepewa jibu sahihi, halafu nikaona uso wake umeanguka. Nadhani mpaka hapo alikuwa hajaunganisha hayo mawili: kwamba alichokuwa akikithibitisha kwa bidii yote ile ni kwamba mngefika.

Nikaandika ombi lako. Aliusoma ubao kwa muda mrefu. Kisha akaufuta kwa kiganja, akaniuliza swali moja: "Aliyegeuza gari ni yeye, au ni Virginie?" Nikaandika: Sephora. Akasema, "Basi niache leo na kesho. Uongo mbaya ni rahisi. Huu lazima usimame hata fundi mwingine akiusoma miaka kumi kuanzia leo."

Nilimwacha na jirani yake. Nilipoangalia dirishani alikuwa amekaa na kalamu, na karatasi chini zilikuwa nyingi.

Mtoto wako,
Liévin


Mbeya
26 Juni 2024

Mdogo wangu Virginie, na wewe Sephora unayemsomea,

Liévin alifika. Nimekaa chini, nimelia kwa sauti ambayo sikuisikia, na majirani wamelala sebuleni kwangu siku tatu kama watu wa kwetu wangefanya. Nawashukuru kwa kutoniandikia. Ulikaa kimya, Virginie, na kimya chako kilikuwa cha adabu.

Mwezi wa saba sitakuja. Mwakani, kama mwakani utanikuta, nitakuja mnionyeshe kaburi.

Sasa nataka kusema na Sephora, kwa sababu kuna kosa ambalo ni langu na lazima nilirekebishe kwa maandishi, kama nilivyolifanya kwa maandishi.

Tarehe 3 Mei niliandika kwamba mshale ukiruka, sonde inadanganya na injini ni nzima. Niliandika kwa uhakika ambao sikuwa na haki nao. Liévin ameniletea majaribio aliyofanya Rigobert. Sonde yenu ilipotiwa kwenye sufuria, mshale ulipanda polepole pamoja na maji, ukafika kwenye nyekundu maji yalipochemka, si kabla. Sonde ilikuwa nzima. Nimeyapitia matokeo hayo tangu Jumamosi na hayana njia nyingine.

Nilichokisahau ni hiki. Joint ya culasse inapokufa, moshi wa moto kutoka ndani ya injini hupenya na kuingia kwenye njia ya maji. Unaingia kama mapovu. Povu linapopita kwenye sonde, sonde haiguswi tena na maji, inaguswa na moshi wenye joto kali, na mshale unaruka papo hapo. Povu likipita, unarudi. Kwa hiyo maji hayaruki, hilo bado ni kweli, lakini povu linaruka. Mvuke hamkuuona kwa sababu mlisimama mapema. Maji mliyakuta kwa sababu ufa ulikuwa bado mdogo. Kila ulichokiona karibu na Lwambo ulikiona sawasawa. Mimi ndiye niliyesoma vibaya, nikiwa mbali, nikiwa na haraka ya kumwona mama yangu.

Kama ungeendelea, ule ufa ungepanuka kwa kila kilima. Nimefikiria mahali mngekwama: kabla ya Kyubo, porini, simu haishiki, mama yako na macho yake pembeni. Na kama kwa bahati mngefika na kumpakia Kambo, mngekwama naye njiani wakati wa kurudi, mtu wa umri ule, usiku, kwenye baridi ileile. Wewe uliuliza swali ambalo dereva mwenye akili anauliza: tukiua injini hapa, tutambeba na nini? Ukageuza. Mimi ningekuwa kwenye usukani ningegeuza.

Rigobert abadilishe joint kama alivyosema toka mwanzo, na nimemkosea kwa kumzuia. Mwombeni radhi kwa niaba yangu. Aweke pia sonde niliyotuma, kwa kuwa akifungua injini ni vizuri kubadilisha vidogo vyote pamoja. Baada ya hapo mshale utatulia. Ukitulia, usije ukajiambia kwamba ni sonde iliyouponya. Ni joint. Nakuandikia hili mapema kwa sababu najua unavyofikiri. Mimi pia nilikuwa nafikiri hivyo nikiwa na umri wako.

Rudi uendeshe. Watoto wa jirani wanahitaji kufika shuleni. Ukipewa chakula, kula.

Nimefundisha miaka mingi, Sephora, Mitwaba, Pweto na huku. Waulize walionipitia kama kuna hata mmoja niliyempa alama kwa huruma. Nilichokwisha kukisahihisha nakisahihisha mara moja tu, na sirudi tena juu yake. Kwa hiyo mstari huu wa mwisho usome kwa sauti, mama yako ausikie, halafu ukunje karatasi.

Gari lisingefika.

Mjomba wako,
Donat